Miwani ya uhalisia pepe kwa waliokatwa miguu: tulikosea wapi?

Mwanafunzi_wa_Himbi (Goma) anauliza:

Wapendwa wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Sisi ni wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho wa informatiki katika chuo kimojawapo hapa Goma, na kazi yetu ya kumaliza masomo ni programu ya miwani ya uhalisia pepe, yaani ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu picha kana kwamba yumo ndani yake, inayokusudiwa kuwapunguzia maumivu watu waliokatwa viungo. Wazo hili halikutoka darasani. Mama yangu mkubwa alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na tangu siku hiyo kuna usiku ambao anamwamsha binti yake akimwomba amkune vidole vya mguu ambao haupo tena. Mwanzoni alikuwa akisema jambo hilo kwa kunong'ona, maana alihofia majirani wasije wakadhani amerukwa na akili au amerogwa.

Tulisoma kwamba ubongo unaweza kutulizwa kwa kuonyeshwa kiungo kilichopotea, kwa hiyo tukatengeneza mandhari ya ufukwe wa ziwa Kivu, ambamo mtu anaketi kitini, anainamisha kichwa na kuiona miguu yake yote miwili, kisha mguu uliokatwa unaanza kuinuka, kukunja vidole na kupiga mpira. Miwani tunayotumia ni moja tu, ya aina isiyohitaji kompyuta, ambayo ndugu wa mwenzetu alituachia aliporudi Ubelgiji.

Wiki mbili zilizopita tulimvalisha mama mkubwa. Alicheka, akasema ameuona mguu wake, nasi tukafurahi. Usiku ule maumivu yalimzidi kuliko kawaida, akasema vidole vilikuwa vikivutwa kama kamba, na sasa hataki hata kuiona miwani yenyewe. Tunaomba wenye ujuzi watueleze: je, tiba hii ina msingi wowote, au sisi tumetengeneza mchezo tu? Na kama ina msingi, tulikosea wapi? Mwenzetu mmoja anauliza pia kama ni haki kuwapelekea miwani watu ambao wengine wao bado wanasubiri magongo.

---

Kine_Katindo anajibu:

Mdogo wangu, asante kwa kueleza hata lile lililowashinda, kwa sababu wengi huja na picha za mgonjwa anayecheka na kuficha usiku uliofuata. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, au kine kama tunavyoitwa hapa mjini, na nimefanya kazi miaka mingi na watu waliokatwa viungo. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, mama yako mkubwa hajarukwa na akili. Ambroise Paré, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa katika karne ya 16, aliandika juu ya askari waliolalamikia viungo walivyokwisha kukatwa, na daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, ndiye aliyelipa jambo hili jina la kiungo mzuka katika miaka ya 1870. Zaidi ya nusu ya watu waliokatwa kiungo hupata maumivu ya namna hii wakati fulani. Mkono au mguu huondoka, lakini sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuongoza haiondoki, na neva zilizokatwa huendelea kupeleka habari zisizo na mpangilio.

Pili, kabla ya miwani yoyote ni lazima mjue anaumwa na nini hasa, maana mambo matatu huchanganywa. Kuna hisia tu kwamba mguu upo, isiyo na maumivu, na hiyo haihitaji tiba. Kuna maumivu ya kigutu chenyewe, ambayo huweza kutokana na kidonda, usaha, mfupa unaochoma ngozi, au uvimbe mdogo unaoota kwenye ncha ya neva iliyokatwa. Halafu kuna maumivu yanayosikika mahali ambapo hapana kitu. Miwani inaweza kusaidia hili la tatu peke yake. Mgonjwa wa sukari mwenye kidonda kwenye kigutu akichezeshwa mpira wa ziwani, mnampotezea siku ambazo angepaswa kuwa kwa daktari. Basi apimwe kwanza, na mguu wake wa kulia uangaliwe pia, kwa sababu mguu uliobaki wa mwenye sukari ndio wa kulindwa kuliko chochote. Kama mnafikiria kufunga vihisi, yaani vifaa vya kupima mwendo, kwenye mguu huo kwa mpira au gundi, jueni kwamba huenda asisikie ukimbana, na alama ndogo ya mkanda inaweza kuwa kidonda.

Sasa nije kwenye msingi. Katika miaka ya 1990, V. S. Ramachandran na wenzake huko California walianza kutumia kioo. Mtu anaweka mkono mzima upande mmoja wa kioo na kigutu upande wa pili, anatazama kiooni, na macho yanamwambia kwamba ana mikono miwili inayosogea. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu waliokatwa mguu, likiwa na makundi matatu: la kwanza lilitazama kioo, la pili liliwekewa kioo kilichofunikwa kwa shuka, na la tatu liliambiwa lifumbe macho na kuwaza tu kwamba mguu unasogea. Kila mtu alifanya hivyo dakika 15 kwa siku kwa wiki 4. Waliomaliza walikuwa 18, sita katika kila kundi. Sita wote wa kioo walipata nafuu. Katika kundi la shuka ni mmoja tu. Na katika lile la kuwaza, wanne kati ya sita maumivu yaliwazidi. Watu 18 ni wachache mno kwa kutangaza ushindi, na majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote, lakini jaribio hilo lina mafunzo mawili kwenu: mazoezi ya namna hii yanaweza pia kuongeza maumivu, na ni lazima muwe na kitu cha kulinganishia.

Katika simulizi lako kuna maneno yaliyonishtua: "mguu unaanza kuinuka". Nani aliyeuinua? Si yeye, ni programu yenu. Kwenye kioo mtu anaamrisha miguu yote miwili kwa pamoja, na anachokiona kinatii amri yake. Ninyi mlimwonyesha sinema ya mguu unaojiendea. Ubongo ambao tayari unagombana na habari zisizolingana mkauongezea ugomvi mwingine.

Swali langu la mwisho ndilo naomba mlijibu kabla ya mengine yote: mlimwuliza mguu wake uko wapi? Simaanishi ulikatwa wapi. Namaanisha, akifumba macho sasa hivi, anausikia umekaaje? Kwa wengi mguu huo hujifupisha kadiri miezi inavyopita, mpaka wayo unasikika kama umebandikwa karibu na kigutu. Kwa wengine umepinda, au vidole vimejikunja na havifunguki. Mkimchorea mguu mrefu ulionyooka, mmemchorea mguu wa mtu mwingine.

---

Baba_Majengo anajibu:

Nimesoma kwa heshima, lakini nitasema wazi. Mimi huwasindikiza watu wa mtaa wetu kwenda kufuatilia miguu ya bandia, na ninajua vituo vinavyofanya kazi hiyo, Shirika la Umoja hapa kwetu na Heri Kwetu kule Bukavu, vikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Mtoto anayekua huhitaji mguu mpya pengine kila mwaka, na mtu mzima naye mguu wake huchakaa, hasa hapa ambapo tunatembea juu ya mawe ya volkeno yanayokula hata viatu vya watu wenye miguu miwili. Nimeona vijana wanaotembelea fimbo mbili zilizokatwa msituni. Leo mnataka kuwafunika macho na kuwaonyesha ziwa ambalo wangeliona kwa macho yao kama tu wangekuwa na kitu cha kuwafikisha ufukweni. Fedha za miwani moja zinanunua magongo mangapi? Mwenzenu aliyeuliza swali hilo ndiye mwenye busara kati yenu.

---

Fundi_Cherehani_Birere anajibu:

Baba, shikamoo. Sikupingi kuhusu magongo, kwa sababu nami nilisubiri. Lakini niruhusu niseme kama mtu ambaye mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti, baada ya ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Sake. Naitaja pikipiki kwa makusudi: mtu akiniona na gongo hapa Goma huniuliza ni risasi au ni bomu, na wakati mwingine huniuliza nilikuwa upande gani.

Mguu wa bandia nilioupata ulinirudisha kwenye kazi yangu. Nakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto na ninailisha familia. Lakini usiku nikiuvua na kuuegemeza ukutani, ule mwingine unaamka. Kwangu mimi ni kisigino: kinaungua kama nimekikanyagisha kwenye kaa la moto, halafu kinaacha, halafu kinarudi. Katika hospitali moja niliambiwa kwamba mguu haupo, kwa hiyo hauwezi kuuma, niache mawazo. Nikaacha kusema, lakini kuumwa sikuacha. Kwa hiyo, Baba, gongo ni la mchana, na haya tunayozungumza ni ya usiku. Mtu huyo huyo anahitaji yote mawili.

Baadaye nilipata kine aliyenielekeza kwenye kioo. Hakikuwa kifaa cha hospitali, kilikuwa kioo cha kabati ambacho fundi mbao jirani yangu alinikatia, kirefu kutoka pajani mpaka chini, akakizungushia fremu ili kisinikate. Naketi sakafuni juu ya godoro, nakisimamisha katikati, kigutu nyuma, mguu mzima mbele. Siku ya kwanza sikuona kitu zaidi ya mguu mmoja na kioo. Siku ya nne au ya tano, nilipokunja kisigino polepole, kile kingine nacho kikakunjika, nikatokwa jasho mwili mzima. Sisemi nimepona. Nasema usiku mbaya ulipungua, kutoka karibu kila siku hadi mara moja au mbili kwa wiki, na nikikiacha kioo mwezi mzima unarudi.

Wanafunzi, jambo dogo ambalo huenda hamkuliwaza: mguu mliouchora una rangi gani, na umevaa nini? Mimi kioo kilinikubali zaidi nilipovua soksi. Na nikiona mguu wenye kovu nisilolijua, si wangu.

---

Mhandisi_Lubumbashi anajibu:

Habari za huko. Ninaandika programu za michezo hapa Lubumbashi, nami nitagusa upande wa mitambo tu.

Miwani mliyo nayo ina kamera zinazotazama nje, na zinaweza kufuata mikono, lakini miguu hazioni, au zinaiona kwa kubahatisha. Ndiyo maana mkaamua mguu ujiendee wenyewe, sivyo? Njia nyepesi ya kwanza ni kuiga kioo: kimojawapo cha vishikio vinavyokuja na miwani mkifunge kwenye mguu mzima juu ya kifundo, mkizingatia onyo la Kine kuhusu ngozi ya mwenye sukari, na programu ichukue mwendo wa mguu huo na kuupeleka upande wa pili. Kishikio kikifichwa na meza au shuka, kamera hukipoteza na mguu pepe huruka ghafla. Basi kiti kiwe peupe, na mwangaza uwe wa kutosha.

Njia ya pili ndiyo inayoipa miwani haki ya kuwepo. Kioo kinahitaji mguu mzima. Aliyekatwa miguu yote miwili hana cha kuweka mbele ya kioo. Kwa mtu huyo mnaweza kufunga kihisi cha mwendo kwenye kigutu chenyewe, cha aina ile ile iliyomo ndani ya simu, ili paja likiinuka mguu pepe uinuke nalo. Huko Sweden, katika chuo kikuu cha Chalmers, Max Ortiz-Catalan na wenzake walikwenda mbali zaidi: walibandika vihisi vinavyosoma umeme mdogo wa misuli iliyobaki, kompyuta ikajifunza kutambua mtu anataka kukunja au kukunjua, na kiungo cha kwenye skrini kikatii. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalihusu watu 14 waliokatwa mkono, ambao dawa na njia nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, na baada ya vipindi 12 maumivu yao yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu kwa baadhi ya vipimo. Hao hawakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo msome kwa uangalifu. Lakini mnaona tofauti: mtu ndiye anayefanya, mashine inafuata. Vihisi vya misuli vya bei nafuu vinavyoungana na Arduino, kibao kidogo cha elektroniki cha kujitengenezea vifaa, vinapatikana, ingawa kuvituliza visisome kelele za waya ni kazi ya wiki kadhaa.

Angalieni ucheleweshaji. Kati ya mtu kugeuza kichwa na picha kugeuka zisizidi takriban milisekunde 20, la sivyo atapata kizunguzungu na kichefuchefu. Ufukwe wenu ni mzuri bila shaka, lakini mawimbi, majani ya migomba na vivuli vyote hivyo vinakula nguvu ya kichakataji kidogo kilichomo katika miwani. Futeni mawimbi, bakizeni mguu. Anayetibiwa hatazami milima, anatazama magoti yake.

Mengine ni ya kawaida: betri hudumu saa mbili au tatu, basi iwe imejaa kabla umeme haujakatika, programu ifanye kazi bila intaneti, na msiiache miwani dirishani, kwa sababu jua likipita kwenye lenzi zake huchoma skrini.

Halafu kuna neno. Tunasema "uhalisia pepe", na vitabuni ni sahihi. Lakini mkimwambia mama wa miaka sitini, ambaye tayari anaogopa kwamba amerogwa, kwamba mnataka kumtibu kwa kitu cha "pepe" kitakachomwonyesha mguu uliokufa, atasikia pepo. Hata hilo "mzuka" la kitabibu naomba libaki kwenye kazi yenu ya kuandika. Mwambieni ni miwani yenye picha.

---

Dada_Saikolojia_Bukavu anajibu:

Nakubaliana na Mhandisi kuhusu neno, na ninaongeza jambo ambalo nashangaa hakuna aliyeligusa. Katika miji yetu hii, watu wengi waliokatwa viungo hawakukatwa kwa sukari wala kwa pikipiki. Mtu aliyejeruhiwa na bomu ukimfunika macho na masikio kwa wakati mmoja, umemwondolea vitu viwili anavyovitegemea ili ajue kwamba yuko salama. Nimemwona mgonjwa aliyeshindwa hata kufumba macho kwa zoezi la kupumua, akitaka kuketi mahali anapouona mlango.

Kwa hiyo mwonyesheni kwanza picha hizo hizo kwenye simu, kabla hajavaa chochote. Avae na kuvua mwenyewe, kwa mkono wake. Ndugu yake aketi karibu na aendelee kuongea naye, na sauti ya miwani izimwe. Mpira wenu usipasuke, na pasiwe na kitu chochote kinachotokea ghafla. Vipindi vya mwanzo viwe vya dakika tano, akiwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, kwa sababu aliyeona miguu miwili anaweza kusahau na kusimama. Hili la kusimama ninalisisitiza: akianguka juu ya kigutu mtakuwa mmemrudisha chumba cha upasuaji.

Kuhusu kumbukumbu zenu, nadhani Fundi amekwisha kusema linalotosha aliposimulia anavyoulizwa alikuwa upande gani. Msiandike majina katika faili za miwani. Msipige picha za kuweka mitandaoni, hata mgonjwa akikubali kwa furaha ya siku hiyo. Na kabla ya kumgusa mtu asiye wa familia yenu, mpitie kamati ya maadili na muwe chini ya daktari au kine anayewajibika. Karatasi ya ridhaa iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti.

---

Mwanafunzi_wa_Himbi anajibu:

Asanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu tulitaka kwanza kufanya mliyotuambia.

Mama mkubwa alipelekwa kwa daktari. Kigutu hakina kidonda, ila kwenye mguu wa kulia palikuwa na mchubuko kati ya vidole ambao hakuwa ameuhisi, na sasa unasafishwa kila siku. Daktari pia alimwandikia dawa ambayo tulishangaa kusikia kwamba asili yake ni ya kifafa, akatueleza kwamba hutuliza neva, na kwamba mazoezi si mbadala wake.

Kisha tukamwuliza lile swali la Kine. Nakiri kwamba katika miezi mitano ya kuandika programu hatukuwahi kumwuliza. Alifumba macho, akakaa kimya kidogo, akasema: "Wayo uko hapa," akionyesha kwa kiganja chini kidogo ya goti, mahali kigutu kinapoishia. "Umegeukia ndani. Na vidole vimekunjwa kama ngumi." Binti yake, ambaye amekuwa akimkuna hewani kwa mwaka mzima mahali pale penye urefu wa mguu wa zamani, alishika mdomo.

Kwa hiyo ufukwe tumeufuta. Sasa kuna chumba cheupe, kiti, na miguu miwili yenye rangi ya ngozi yake na kitenge magotini. Tumeongeza hatua ya mwanzo ambayo haikuwepo: kabla ya mwendo wowote, yeye mwenyewe anaupanga mguu wa kushoto kwa kishikio, anaufupisha, anaugeuza, anakunja vidole, mpaka aseme "ndio huu". Ndipo zoezi linapoanza kutoka hapo, na mguu unafuata mguu mzima, haujiendei.

Hatujamvalisha. Amekataa miwani, nasi hatumshurutishi. Ameomba kioo cha Fundi, na kwa sasa tunaandika tu kwenye daftari, asubuhi na usiku, maumivu kutoka sifuri hadi kumi, kwa wiki mbili kabla ya kuanza chochote. Mwalimu wetu anayesimamia kazi anauliza kama kazi ya informatiki inaweza kuwa na sura nzima ya daftari.

Baba Majengo, tumekusikia. Hatutanunua miwani ya pili. Nusu ya mchango tuliokusanya tungependa iende kwenye ncha za mpira za magongo, ambazo nazo zinaliwa na mawe uliyoyataja. Tafadhali tuandikie kwa faragha zinauzwa wapi.

---

Baba_Majengo anajibu:

Zinauzwa, lakini mafundi hapa hukata pia matairi ya zamani ya gari, na hizo hudumu zaidi. Nitawaonyesha. Kuhusu yale ya usiku, Fundi, nimekuelewa. Katika miaka yote hii sikuwahi kumwuliza hata mmoja wa watu wangu analalaje.

---

Kine_Katindo anajibu:

Mwambieni mwalimu wenu kwamba bila daftari hiyo hatakuwa na namna ya kujua kama programu yenu ilifanya kazi au kama maumivu yalishuka yenyewe, maana hupanda na kushuka bila kuulizwa. Na mkifikia kuwajaribu watu wengine, tengenezeni pia toleo ambalo mguu unaonekana lakini hausogei, ndilo litakuwa shuka lenu juu ya kioo.

Kwa mama mkubwa, kwa kuwa wayo wake umegeukia ndani na vidole vimefumbwa, asianze kioo kwa kunyoosha. Auweke mguu mzima katika hali ile ile kwanza, ugeukie ndani, vidole vikunjwe kama ngumi, autazame kiooni mpaka yote miwili ifanane. Kisha afungue kidole kimoja, cha gumba, polepole. Kikikataa, aishie hapo kwa siku hiyo. Mchubuko ukipona mniite, nitakuja Himbi mwenyewe na kioo.

---

Fundi_Cherehani_Birere anajibu:

Usilete chako, Kine. Fundi mbao ameshaanza kukata kingine. Anauliza tu urefu kutoka paja la mama mpaka sakafuni akiwa ameketi.